Shamba la Kwenye Kioo

Kilichoibwa kilikuwa kishikwambi kimoja cha zamani, chenye ufa kwenye kona. Kilikuwa mezani, kinachajiwa. Waya ulibaki.

Kwenye meza hiyohiyo kulikuwa na kompyuta mbili mpya za kupakata na simu ya bei mbaya. Mwizi hakuzigusa.

Inspekta Editha alisimama mlangoni, akautazama ule waya. Ofisi ilikuwa nyumba ya kupanga kule Bigwa, pale ambapo mji wa Morogoro unakwisha na mlima unaanza kuinuka. Editha alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Tabora, aliyehamishwa vituo vingi mpaka akaacha kulalamika. Wezi alikuwa amewaona wajinga, amewaona wenye haraka, amewaona walevi. Mwizi wa kuacha kipya na kubeba kibovu hakuwa amekutana naye.

"Afande, mtuhumiwa si amekwisha kukiri?" alisema Sajenti Rogers nyuma yake. "Huku tumefuata nini?"

"Tumefuata kishikwambi. Amekiri kukichukua, hajakitoa."

Mtuhumiwa alikuwa Mzee Abeid, mlinzi wa geti. Jana yake mchana, kishikwambi kilipoonekana hakipo, mwenye ofisi alipiga simu kituoni. Polisi wakafika. Wakauliza nani ana ufunguo wa geti. Mzee akasema, mimi. Wakauliza nani amechukua kitu. Mzee akasema, mimi. Akapanda gari mwenyewe bila kushikwa mkono. Sasa alikuwa mahabusu, na kesho asubuhi angepandishwa kizimbani. Mzee wa umri ule akikiri mbele ya hakimu, kinachofuata ni gereza, na gereza halimpunguzii mtu mzee baridi ya sakafu.

Jambo hilo halikumkalia Editha vizuri. Mwizi hukana kwanza. Anayekiri kabla hajaulizwa mara ya pili, ana kitu kingine anachokilinda.

Mwenye ofisi aliitwa Severin. Alikuwa mwanamume mrefu, shati limepigwa pasi, simu mbili mkononi.

"Jana mchana nani aliingia humu?" Editha alimuuliza.

"Hakuingia mtu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, afande. Tulikuwa mimi, kijana wangu Jastin, na mlinzi getini. Tulikaa barazani tunakula. Tuliporudi ndani, hakuna kitu."

"Mlikula nini?"

Severin alishangaa kidogo. "Wali na maharage. Na mchicha."

"Nani alipika?"

"Semeni. Mama wa chakula."

"Alipikia wapi?"

"Anapika kwenye chumba chake cha kupanga hapa Bigwa, halafu analeta na beseni."

"Kwa hiyo aliingia mtu."

Severin alikuna shavu. "Aah, Semeni. Yule si mtu wa kuingia, afande. Yule ni wa kila siku."

Rogers alitabasamu, akamnong'oneza mkubwa wake. "Basi kesi imekwisha. Ni huyo mama."

"Huenda. Lakini aliacha kompyuta mpya mezani. Niambie kwa nini, ndiyo niseme imekwisha."

Fundi wa alama za vidole alikuwa amekwisha kupita asubuhi, na taarifa yake ilikuwa fupi: alama ziko nyingi, za kila mtu, zimepandana kama nyayo za sokoni. Kwa upande huo hapakuwa na msaada.

"Leo mama huyo yuko wapi?"

"Ametuma ujumbe kwamba anaumwa," alisema Severin. "Leo tunakula maandazi."

*

Jastin alikuwa kijana wa Rombo, mpole, macho mekundu kwa kukesha na vioo. Alikuwa amekaa mikono imekunjwa, kama mtu anayesubiri kupigwa.

"Wewe kazi yako hapa ni ipi?" Editha alimuuliza.

"Nachora skrini, afande."

"Nieleze kama unamweleza mama yako."

Jastin alifikiri kidogo. "Ukifungua simu ukaona vitufe, picha, mahali pa kuandika, kuna mtu alivipanga. Mimi ndiye mpangaji. Tunatengeneza programu ya wakulima wa Matombo, kila mkulima aonekane na shamba lake na mazao yake, mnunuzi amwone akiwa mjini. Lakini kabla hujajenga kitu chenyewe, unajenga mfano wake. Jumatatu tulikuwa tuupeleke Matombo wakauone."

"Na huo mfano ulikuwa kwenye kishikwambi."

"Hapana, afande. Upo hapa." Akafungua kompyuta.

Kwenye kioo kulikuwa na picha nyingi ndogondogo zimetandazwa kama vitambaa juani, na mishale ya buluu ikitoka moja kwenda nyingine.

"Kila kimoja ni skrini," alisema. "Kitufe hiki nimekivutia mshale kwenda kile. Mtu akikibonyeza, anahamishiwa picha ya pili. Anadhani programu inafanya kazi. Haifanyi. Ni picha zinapokezana tu."

"Nyuma yake kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ni ukuta wa mbele wa nyumba. Ukifungua mlango, unakutana na uwanja."

"Na mtu akiandika jina lake?"

"Haliendi popote."

Editha alivuta kiti akakaa. "Sasa kishikwambi kimeibwa. Mmepoteza nini?"

"Kishikwambi, afande. Kazi yote iko mtandaoni. Nikiwa na kompyuta yoyote, hata ya kituo chenu, naifungua."

"Severin anajua?"

"Hata usingizini anajua."

Editha alimgeukia Rogers. "Umesikia? Aliyechukua hakutaka mali, maana mali ameiacha. Alitaka kilichomo ndani. Na si mtu wa kazi hii, maana mtu wa kazi hii anajua kwamba ndani hamna kitu." Akarudi kwa Jastin. "Nani wengine wamewahi kukishika?"

"Watu wa kupima. Ukishachora, unamwita mtu asiyejua chochote, unampa abonyeze, wewe unaangalia anakwama wapi. Tulimpa bodaboda wa pale nje, tukampa dada wa saluni. Na mama Semeni."

"Semeni lini?"

"Jana. Alipoleta chakula, kabla hajapakua."

Severin aliacha kubonyeza simu zake.

"Kuna rekodi," alisema Jastin taratibu. "Programu inarekodi kioo na sauti. Sijaisikiliza bado."

"Tuisikilize."

Kioo kilionyesha skrini ya programu, na doti nyeupe pale kidole kinapogusa. Sauti ya Jastin ilianza: "Shikamoo, mama. Sasa fikiria wewe ni mkulima, unataka kuliona shamba lako. Bonyeza unapoona panafaa."

"Mwanangu, unanipa vitu vya watu, nikivunja je?" Sauti ya mama, ya kucheka.

"Huwezi kuvunja."

Doti ikatua juu ya kitufe. Ikaja skrini nyingine: picha ya migomba, chini yake maandishi. *Bonde la Mhangazi, Matombo. Mazao: ndizi, mdalasini. Mmiliki: Abdi.* Chini kabisa kitufe cha kijani: *Thibitisha.*

Kicheko kilikatika.

"Hili ni la nani?" aliuliza Semeni.

"Wewe unafikiri ni la nani, mama?"

"Nakuuliza wewe. Nani ameandika hapa?"

Kimya. Kalamu ikasikika inagonga meza.

"Endelea tu, mama. Hapa hakuna jibu la kosa."

"Nikibonyeza hiki cha kijani inakuwaje?"

"Wewe unategemea iwe nini?"

Doti ilisimama kando ya kile kitufe, haikukigusa. Kisha kiti kilisikika kikiburuzwa. "Chakula kinapoa," alisema Semeni, na rekodi ikaishia hapo.

Editha alimtazama kijana. "Kwa nini hukumjibu?"

"Ndiyo kanuni, afande. Ukimpima mtu, humwelekezi. Akikuuliza, unamrudishia swali lake. Ukimjibu, umeharibu kipimo."

"Sisi pia tuna kanuni ya kutomtia mtu maneno mdomoni. Lakini tukimaliza tunamwambia anashukiwa nini."

"Huwa namweleza mtu mwishoni," alisema Jastin. "Hakufika mwishoni."

"Bonde la Mhangazi lipo kweli?"

"Lipo. Ni la kina mama Semeni. Ile programu inajaza majina yenyewe, lakini inajaza ya Kizungu na picha za mashamba ya ngano. Mkulima wa Matombo akiona vile, anajua ni mchezo, anabonyeza hovyo. Inabidi uweke kitu anachokijua. Mama Semeni akituletea chakula huwa anasimulia shamba lao, bonde lao, mdalasini wao. Nikaona huo ndio mfano mzuri."

"Na Abdi?"

"Ni mume wake. Alisema Abdi ndiye analima. Nikamweka Abdi."

"Kwa nini hukumweka yeye?"

Jastin alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanateremka. "Afande, kwetu Rombo shamba ni la baba. Sikuwaza."

*

Mzee Abeid aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa mkavu, ndevu nyeupe, koti la ulinzi bado mwilini. Editha aliagiza chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe mwenyeji wa wapi?"

"Tabora."

Uso wa mzee ulifunguka kidogo. "Mnyamwezi. Kumbe mtani wangu ndiye ananifunga. Babu zako walipita hapa na mizigo kichwani, sisi tukiwauzia maji."

"Na kuwaibia mizigo."

"Kidogo tu. Ile mizito tuliwaachia."

"Basi tuzungumze kitani. Kishikwambi kina kifuniko cha rangi gani?"

"Cheusi."

"Chekundu."

"Macho ya uzee, mtani."

"Umekiweka wapi?"

"Nimekitupa mtoni."

"Mto upi?"

"Huo wa chini ya ofisi."

"Huo sasa hivi hauna maji ya kuzamisha kijiko."

Mzee alikunywa chai. Alikuwa ametulia kabisa. "Mtani, unajisumbua. Nimesema nimechukua mimi. Wewe andika, kesho nipeleke, ukapumzike."

"Sawa. Nina swali moja tu la mwisho. Bonde la Mhangazi ni la nani?"

Kikombe kilisimama njiani.

Angeweza kusema hajui. Alikuwa amedanganya rangi, amedanganya mto, na alidanganya bila haya, kama mtu anayetimiza wajibu. Lakini hili halikuwa kishikwambi. Alikiweka kikombe chini.

"La dada yangu," alisema. "Marehemu sasa. Na baada yake, la binti yake."

"Binti yake ni nani?"

"Usingekuwa unamjua usingeniuliza."

"Ofisini hawajui kwamba Semeni ni mpwa wako."

"Bosi alisema hataki ofisi ya ndugu. Basi tukawa tunaacha undugu asubuhi getini, jioni tunauchukua. Mimi ndiye ninayemtwisha beseni akiondoka. Jana nilimtwisha kama kawaida. Akaniambia neno moja, nikafungua geti."

"Neno gani?"

"Hilo kamuulize mwenye shamba. Nikikwambia mimi nitakuwa nimemshitaki." Aliinua macho. "Mtani, nakuomba kitu. Ukimkuta, usimtie pingu mbele ya migomba ya mama yake."

*

Walipanda Matombo na gari la kituo, Rogers kwenye usukani, Jastin nyuma na kompyuta yake mapajani kama mgonjwa. Mpaka Mkuyuni, kwenye mafungu ya mananasi, njia ilikuwa inavumilika. Baada ya hapo kila mtu alinyamaza ili asijing'ate ulimi.

Waliacha gari mwisho wa barabara, wakashuka kwa miguu kwenye mdalasini. Bonde lilikuwa la kijani, lenye unyevu, kijito kinapita katikati. Mwanamke mmoja alikuwa anapogoa migomba kwa panga. Aliwaona kwa mbali. Hakukimbia. Alilichomeka panga kwenye mgomba, akajifuta mikono kwenye kanga, akawangoja.

"Karibuni," alisema Semeni. "Mjomba amekula?"

"Amekunywa chai," Editha alijibu. "Kesho anapelekwa mahakamani. Amekiri kwamba amechukua yeye."

Mwanamke alishika kiuno. "Nani amekiri?"

"Mzee Abeid."

"Mimi alinitumia salamu kwamba anahojiwa tu, jioni watamwachia."

"Hawakumwachia. Na kwa maneno aliyoyasema mwenyewe, hataachiwa."

Semeni aligeuka bila neno, akaelekea nyumbani, wao wakamfuata. Ilikuwa nyumba ya udongo yenye bati, jiko pembeni. Alipanda kigoda, akapeleka mkono darini juu ya mafiga, pale panapotundikwa mahindi ya mbegu yapate moshi. Akashuka na kitu kimefungwa kwenye kanga. Kifuniko chekundu, ufa kwenye kona. Kilinuka moshi.

"Mjomba hakukigusa," alisema. "Hata kukiona hajakiona. Niliweka chini ya masufuria, getini nikamwambia neno moja tu: Mhangazi. Mwandike mwanamke huyu hapa."

Rogers alikipokea kielelezo kwa kitambaa. Editha alikaa kwenye kigoda kilekile.

"Semeni, nakuonya kwamba si lazima useme neno. Ukisema, litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani."

"Nitasema. Nimebeba jambo hili toka jana, nimechoka."

"Kwa nini ulikichukua?"

"Walikuwa wameandika shamba langu kwa jina la mume wangu."

"Ukaamini kwamba limeandikwa kweli."

"Afande, sensa ilipita hapa. Kijana alisimama pale ulipoweka miguu, na kishikwambi kama hiki. Tulisema majina, akabonyeza, akaondoka. Hakutupa karatasi. Alituambia mmeshaandikwa, Serikali inawajua. Sasa mimi nimekuta bonde la mama yangu kwenye kishikwambi, limeandikwa mmiliki Abdi, na chini kitufe kinasubiri tu kuthibitishwa. Wewe ungedhani nini?"

"Ningeuliza."

"Niliuliza. Huyu hapa." Alimwonyesha Jastin kwa kidevu. "Mtoto nayempakulia kila siku. Namuuliza ni la nani, ananiambia wewe unafikiri ni la nani. Namuuliza nani ameandika, ananyamaza. Mtu mwenye jibu safi hanyamazi. Nikasema, basi wamekubaliana. Abdi amepita mlango wa nyuma, na hawa wamepokea. Nikikichukua kabla hakijathibitishwa, ukoo utapata nafasi ya kukaa kikao."

"Shikamoo, mama," alisema Jastin. "Ile haikuwa kweli. Ilikuwa mfano tu. Nilitumia hadithi zako ili ifanane. Nilikosea, sikukuomba ruhusa. Ngoja nikuonyeshe."

Alifungua kompyuta, akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa. Migomba ya kwenye kioo ikatokea. Akagusa neno *Abdi*, akalifuta, akaandika *Semeni*. Haikuchukua hata muda wa kukohoa.

"Umeona, mama? Sasa ni lako."

Alitegemea mama atapumua. Semeni alirudi nyuma hatua moja.

"Limekuwa langu hivyo?"

"Ndiyo."

"Na ukitaka kesho linakuwa lako."

Kidole cha Jastin bado kilikuwa juu ya herufi.

"Na hata hilo si sahihi," Semeni aliendelea, kwa upole sasa, kama anayemweleza mtoto mahali pa kukanyaga. "Si langu. Mimi nimekalishwa hapa. Ni la lukolo, ukoo wa mama, waliokufa na wasiozaliwa. Mjomba ndiye anayeulizwa. Mwanamume akioa kwetu analima, anakula, anaheshimiwa sana. Lakini ni mgeni juu ya udongo. Hapo kwenye kioo chako pana mstari mmoja tu. Sisi wote tutakaa wapi?"

Jastin hakujibu, na safari hii haikuwa kwa sababu ya kanuni.

"Abdi yuko wapi?" Editha aliuliza.

Semeni alitazama chini. "Jana jioni nilimtolea begi nje. Yuko Mlali kwa dada yake."

"Alisemaje?"

"Aliapa. Akasema hajawahi kufika hiyo ofisi, hata mlango wake haujui. Nikamwambia nimeona kwa macho yangu."

Rogers aliacha kuandika.

"Hukumshuku kwa kioo peke yake," alisema Editha. "Mtu hamfukuzi mume wa miaka kwa kuona jina mahali. Kulikuwa na kitu kabla."

Mwanamke aliinua mkono, akaonyesha mteremko wa ng'ambo ya kijito. Kulikuwa na miche midogo imepangwa mistari, kila mmoja na kivuli chake cha makuti.

"Karafuu," alisema. "Alizipanda mvua zilizopita nilipokuwa mjini napika. Mgomba ukiukata leo, mwakani umesahaulika. Mkarafuu unamzika aliyeupanda, watoto wake wanakuja kuchuma. Mgeni hapandi mti wa namna hiyo bila kumuuliza mwenyeji. Nilimuuliza, akasema, nimepanda kwa ajili yetu. Nikanyamaza kwa ajili ya amani. Nilinyamaza mwaka mzima, afande. Halafu nikaliona jina."

Alichukua kanga nyingine kwenye kamba, akajifunga. "Twendeni. Mjomba asilale tena kule."

Editha aliinuka. Pingu zilibaki kwenye gari.

*

Jua lilikuwa linazama walipofika kituoni. Severin alikuwa amekwisha kuitwa, amekaa kwenye benchi na simu zake. Editha alimweleza yote, kwa ufupi, bila kumpamba mtu.

"Kisheria wizi umetendeka," alimaliza. "Maelezo ya onyo ninayo, kielelezo ninacho. Wewe ndiye mlalamikaji. Unataka iendelee?"

Severin alimtazama Semeni aliyekaa wima ukutani.

"Semeni, miezi yote hii Mzee Abeid ni mjomba wako, na mnanificha?"

"Ulisema hutaki ndugu, bosi."

"Nilisema." Alicheka bila furaha. "Afande, Jumatatu nilitakiwa niende Matombo niwaombe watu waniamini na mashamba yao. Nikimfunga mwanamke wa kule, kwa kosa lililoanzia ofisini kwangu, nani atanipa hata kiti? Nafuta."

"Usifute kwa ajili ya Jumatatu."

"Nafuta," Severin alisema tena, sauti ya chini. "Na Jumatatu hatuendi. Jastin ana kazi ya kuanza upya."

Mzee Abeid alitolewa mahabusu. Alirudishiwa mkanda na viatu. Alivaa taratibu, akiegemea kaunta, na alipomaliza alimwona mpwa wake.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kusema kweli, mjomba."

"Nilikwambia ukae."

"Na mimi hukuniambia kwamba umejitwisha."

Mzee aliguna. Editha alimsogezea benchi, naye akakaa. Walimsimulia habari ya picha zinazopokezana, jina linalofutika, na begi lililoenda Mlali. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti.

"Kwa hiyo Abdi hakuandikisha kitu," alisema.

"Hakuandikisha," alijibu Editha.

"Na wewe umemtolea begi."

"Nimemtolea," alisema Semeni.

"Kesho nenda Mlali. Mwombe radhi kwa hilo begi. Mwambie ulimfukuza kwa ajili ya picha. Ni mtu wa masihara, atacheka, atarudi."

Semeni alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa karibu, lakini sauti ilikuwa imara.

"Hatacheka, mjomba. Karafuu alizipanda kweli."

Mzee Abeid aliegemea bega la mpwa wake, akainuka.

"Basi arudi kwanza," alisema. "Tutamuuliza akiwa amekaa mezani, chakula mbele yake. Hii ndiyo kesi yenyewe, na tangu mwanzo haikuwa ya polisi."

Waliteremka ngazi pamoja. Editha aliandika mstari wa mwisho, akalifunga jalada.